CRP, FBP au fibrinojeni: kipimo kipi umpimie mbwa wako, na kipi akiwa na mimba

Siku hizi Dodoma watu wanafuga mbwa wa maana kabisa, ukipita Kisasa, Nzuguni, Iyumbu mpaka Ihumwa huko, nyuma ya mageti mengi kuna German Shepherd au Boerboel, na wenye majike wengi wanazalisha na kuuza. Mbwa akinyong'onyea kidogo au akigoma kula wanamleta apimwe damu, na hilo ni jambo zuri sana, natamani na wa vijijini wangekuwa wanafanya hivyo. Shida inakuja kwenye kuchagua kipimo na kusoma majibu, hasa kama mbwa ni jike na alipandwa wiki kadhaa zilizopita. Maana karatasi inaweza kuandika CRP 70 (CRP ni protini ya damu inayopanda mwili ukipata jeraha au ugonjwa), na hiyo 70 kwa dume ni ugonjwa unaotakiwa utafutwe leo leo, ila kwa jike mwenye mimba ya wiki ya tano inaweza kuwa mimba inaenda vizuri bila tatizo lolote. Mimi kazi yangu ni maabara ya mifugo, natoa damu na kuisoma, na hili la kuchanganya mimba na ugonjwa ndo linaniuma kuliko mengine kwasababu anayelipia ni mama na watoto walioko tumboni. Kwahiyo nimekaa niviweke vipimo hivi upande kwa upande, mbwa asiye na mimba huku na mwenye mimba huku, ili ukifika kwa daktari ujue uombe nini na hela yako uiweke wapi.

Nianze na kinachotokea mwilini. Tishu ikiumia, iwe ni bakteria, jeraha, upasuaji au kupe kamwachia babesia, kimelea cha kwenye damu, zile seli za kinga zinazomeza uchafu zinatoa kemikali za kupeleka taarifa, mojawapo inaitwa interlukini 6, inasafiri na damu mpaka kwenye ini. Ini likipata taarifa linabadilisha uzalishaji wake wa protini. Kuna protini linaziongeza kwa kasi sana, hizo ndo CRP na mwenzake SAA, kuna zinazopanda taratibu kama fibrinojeni (ile ya kugandisha damu) na haptoglobini, na albumini lenyewe linaipunguza. Kwahiyo ukipima CRP hupimi mdudu wala hupimi usaha, unapima ini limeitikia kwa kiasi gani. CRP iligunduliwa mwaka 1930 na Tillett na Francis kule New York kwenye damu ya binadamu wagonjwa wa nimonia, na baadae ikaonekana kwa mbwa inafanya kazi vizuri mno. Sio kila mnyama ana bahati hiyo, ng'ombe CRP yake haikusaidii kitu cha maana, kwa ng'ombe tunaangalia haptoglobini, na paka naye CRP haimfai.

Mimba inaingiaje hapo? Kiinitete cha mbwa hakijishikizi kwenye kizazi siku ile ile, kinaelea kwanza mle ndani, kinakuja kujishikiza kama wiki ya tatu hivi, na kondo la mbwa lina tabia ya kuchimba ukuta wa kizazi mpaka lifike kwenye mishipa ya damu ya mama. Ule uchimbaji ni jeraha, dogo, la kawaida, mwili wenyewe umeupanga, lakini tishu inatoa taarifa zile zile na ini linaitikia vile vile kama kuna ugonjwa. Ini halina namna ya kujua kwamba safari hii ni heri.

CRP

Mbwa mzima asiye na mimba, awe dume au jike, mkubwa au mdogo, CRP yake mara nyingi iko chini ya 10 mg/L. Kikitokea kitu inaanza kupanda ndani ya masaa machache, ikifika saa 24 mpaka 48 iko kileleni, na inaweza kupanda mara hamsini hata mara mia ya ilivyokuwa. Na kile kitu kikiisha inashuka haraka, siku chache tu unaona tofauti. Mimi naipendea hapo. Mbwa yuko kwenye matibabu, unapima leo, unapima keshokutwa, ukiona imetoka 180 imekuja 60 unajua dawa imeshika hata kabla hajaanza kuchangamka, na ukiona imegoma pale pale unamwambia daktari mapema abadilishe njia.

Sifa nyingine kubwa, haidanganywi na steroidi. Mbwa aliyepigwa prednisoloni au aliyeogopa sana, amefungwa kwenye gari juani kutoka Chamwino, seli nyeupe zake zitapanda na utadhani anaumwa, ila CRP inabaki imetulia kama hamna ugonjwa.

Udhaifu wake ni kwamba CRP ni kama mbwa anayebweka usiku, anakwambia kuna kitu getini ila hakwambii ni nani. Usaha, kongosho, kuvunjika mfupa, babesia, saratani, mwili kujishambulia wenyewe, vyote vinaipandisha. Alafu kuna magonjwa yanapita chini yake kimya kimya, infeksheni ya kibofu cha mkojo, ugonjwa wa ngozi ulio sehemu ndogo, hata uvimbe wa kwenye ubongo, unaweza kukuta CRP ya kawaida na mbwa anaumwa kweli.

Sasa upande wa mwenye mimba. Wiki mbili za mwanzo hamna tofauti na mbwa mwingine. Kuanzia wiki ya tatu inaanza kupanda, kilele kinaangukia kati ya siku ya 30 na ya 45, na kwenye beagle waliopimwa Japani, majibu yakachapishwa 2003, kilele kilikuwa kama 70 mpaka 90 mg/L. Soma tena hizo namba. Mbwa mzima kabisa, anakula, anacheza, ana 90. Baada ya hapo inateremka taratibu kuelekea kuzaa, alafu inapanda tena akishazaa kwasababu kuzaa nako ni jeraha.

Mimba ya uongo haifanyi hivyo, na hili ni zuri kulijua. Jike mwenye mimba ya uongo maziwa yanatoka, anachimba kitanda, anakusanya viatu vyako anavilinda kama watoto, homoni ya projesteroni iko juu kama ya mwenye mimba, ila CRP haipandi kwasababu hamna kondo linalochimba. Ndo maana zamani kuna waliotaka kuzitumia protini hizi kama kipimo cha mimba. Mi sishauri, kwasababu jike aliyepandwa na akawa anaumwa kitu kingine naye atapandisha na utashangilia watoto ambao hawapo. Kama unataka kipimo cha mimba kwa damu kipo cha homoni ya relaksini, inatoka kwenye kondo tu, ukipima kuanzia kama siku ya 30 inakupa jibu safi.

Mambo mawili ya kuangalia kabla hujaamini karatasi ya CRP. La kwanza kizio, maabara zingine zinaandika mg/dL, na 7 mg/dL ni sawa na 70 mg/L, usije ukaona 7 ukalala usingizi. La pili, uliza kama kipimo ni cha mbwa. Vile vikasha vya CRP vya binadamu vimetengenezwa kushika CRP ya binadamu, ya mbwa vinaweza visiishike au vikaishika nusu nusu, majibu yakaja "hasi" na mbwa anakufa. Kuna mashine kubwa za binadamu zinazoweza kusoma ya mbwa, ila ni pale tu maabara imeshazihakiki kwa damu ya mbwa. Muulize fundi moja kwa moja, sio kosa kuuliza.

FBP pamoja na slaidi

FBP, yaani kipimo cha kuhesabu seli zote za damu, ndo inayopatikana kirahisi kuliko zote hapa kwetu, na ukiniuliza mimi kama una hela ya kipimo kimoja tu anza na hiki, ila kwa sharti moja nitalisema hapo chini.

Kwa mbwa asiye na mimba seli nyeupe zinacheza kati ya 6 na 17 (hapo ni elfu kwa kila maikrolita), seli nyekundu zinajaza asilimia 37 mpaka 55 ya damu, chembe sahani 200 mpaka 500. Akiwa na infeksheni seli nyeupe zinapanda, ila kama nilivyosema zinapanda pia kwa woga na steroidi, na wakati mwingine kwenye ugonjwa mkali zinashuka kwasababu zimetumika zikaisha kabla uboho haujatengeneza zingine. Kwahiyo namba ya jumla peke yake ni dhaifu kuliko CRP, nakubali kabisa.

Mwenye mimba, seli nyeupe zinapanda kiasi, hasa mimba ikiwa kubwa, zinakaa juu juu kwenye ukomo wa kawaida au kuvuka kidogo. Damu yake inakuwa nyepesi, sio kwamba ana upungufu wa ugonjwa, ni kwamba maji ya damu yameongezeka kuliko seli, kwahiyo karibu na kuzaa asilimia ya seli nyekundu inaweza kushuka mpaka 30 au 35 na ikawa kawaida yake. Nimeona watu wanaandikiwa sindano za kuongeza damu kwa ajili ya namba hiyo, mbwa hana shida yoyote, siku chache mbele anazaa watoto wazima.

Sharti lenyewe ni slaidi. Mashine ya FBP inahesabu, haioni. Chukua tone moja la damu, livute kwenye kioo, liache likauke, lipake rangi, liweke chini ya hadubini kwenye mafuta, hapo ndo unaona ukweli. Nyutrofili, aina ya seli nyeupe inayopigana na bakteria, iliyokomaa kiini chake kimekatika katika vipande vimeunganishwa na uzi mwembamba, ile changa kiini chake ni kipande kimoja kimepinda kama herufi U bila kukatika. Mbwa mzima, na mwenye mimba pia, hizo changa ni chache sana, unazitafuta. Ukikuta zimejaa kila unaposogeza kioo, na ute wake una rangi ya bluu bluu na mapovu na vidoa, hayo tunayaita mabadiliko ya sumu, mara nyingi ni bakteria, uboho unatoa askari ambao hawajamaliza mafunzo. Mimba haileti picha hiyo. CRP ya 80 mimba inaweza kuileta, seli changa zilizojaa na zenye sumu mimba haizileti, na tofauti hiyo ndo inayonifanya niweke FBP yenye slaidi mbele ya CRP kwa jike mwenye mimba.

Na faida ya Dodoma hii yetu, slaidi hiyo hiyo inakuonyesha babesia ndani ya seli nyekundu, na mashine ikikupa chembe sahani zimeshuka 40 au 50 unaanza kufikiria erlikia, ugonjwa mwingine wa kupe. Kupe wa mbwa wamejaa kwenye mabanda ya huku, wanapenda nyufa za kuta za matofali na jua hili haliwatishi, na ugonjwa wa kupe kwa mwenye mimba ni hatari ya kweli, CRP peke yake isingekuonyesha kwasababu ungeisoma 90 ukasema aah ni mimba.

Fibrinojeni

Hiki watu hawakiombi kabisa na nadhani wanakionea. Mbwa asiye na mimba anakuwa na gramu 2 mpaka 4 kwa lita, inapanda taratibu, inachukua siku kadhaa, na haipandi sana, mara mbili tatu tu. Kwahiyo kwa ugonjwa ulioanza jana haikufai. Mwenye mimba inapanda kuanzia wiki ya nne hivi na inavuka kiwango cha kawaida bila ugonjwa, kwahiyo tatizo la kuchanganya mimba na infeksheni hiki nacho kinalo.

Uzuri wake ni kwamba unaweza kukifanya kwenye maabara isiyo na kitu. Unajaza damu kwenye vile vitubu vyembamba vya kioo viwili, unaziba mwisho, unavizungusha kwenye mashine, damu inajitenga, juu inabaki plazima ya njano. Kitubu cha kwanza unapima protini kwenye refraktomita hivyo hivyo. Cha pili unakiweka kwenye maji ya nyuzi 56 mpaka 58 kwa dakika tatu, na sio zaidi ya hapo, plazima inageuka ukungu mweupe kwasababu fibrinojeni imeganda, unakizungusha tena ule ukungu unakaa chini, unapima protini iliyobaki juu. Ile tofauti ndo fibrinojeni yako. Haina usahihi wa kupima vitu vidogo, inaruka gramu moja moja, ila ukipata 8 kwa mbwa ambaye hana mimba, umeshajua kuna kitu kimekaa muda. Mradi una maji, kipimajoto na mashine ya kuzungushia, unaweza kuwa Bahi au Kongwa ukafanya.

Kitu kimoja cha kujihadhari, ugonjwa ukiwa mkali mpaka damu inaanza kuganda ovyo ndani ya mishipa, fibrinojeni inaliwa, inashuka. Kwahiyo ya chini kwa mbwa anayeonekana mahututi haimaanishi kapona.

Vingine kwa haraka

Haptoglobini inapanda polepole, inadanganywa vibaya na steroidi, na inashuka seli nyekundu zikipasuka, yaani mbwa mwenye babesia inaweza kuonekana iko chini wakati anaumwa sana. Kwa mbwa siichagui. SAA inafanana tabia na CRP, kama sehemu ina CRP ya mbwa hamna sababu ya kulipia na hiyo. ESR, kile kipimo cha damu kushuka kwenye mrija, inaharakishwa na fibrinojeni nyingi na seli nyekundu chache, na mwenye mimba ana vyote viwili, kwahiyo kwake itakuwa juu karibu siku zote na haitakwambia kitu. Albumini ya chini kwa mwenye mimba ni kawaida ikishuka kidogo, ikishuka sana tazama ini, figo na utumbo.

Pale penyewe panapochanganya: mimba au usaha kwenye kizazi

Hapa naomba msome taratibu. Ugonjwa wa usaha kwenye kizazi unawapata majike wiki kadhaa baada ya joto (kile kipindi cha kutaka dume), kuanzia kama mwezi mmoja mpaka miezi minne. Mimba ya mbwa ni siku 63 tangu mayai yatoke. Kwahiyo jike wa wiki ya tano baada ya joto, tumbo limeanza kuongezeka, hali chakula vizuri, CRP iko juu, anaweza kuwa mojawapo kati ya hao wawili, na matibabu yao yanapingana moja kwa moja. Mwenye usaha anahitaji kufanyiwa haraka, mara nyingi upasuaji wa kutoa kizazi, akicheleweshwa anakufa. Mwenye mimba ukimpa dawa ovyo unaua au unalemaza watoto, doksisaiklini inaingia kwenye mifupa na meno ya watoto, enrofloksasini inaharibu gegedu zao, dawa za maumivu nyingi nazo hazifai.

Vipimo vya damu vinasaidiaje hapo? CRP ya mwenye usaha mara nyingi inapita mbali, 150, 200 na kuendelea, ila kuna wa 80, na kuna mwenye mimba wa 90, kwahiyo wanapandana katikati. Seli nyeupe za mwenye usaha mara nyingi zinafika 25, 30, hata zaidi, na seli changa zimejaa kwenye slaidi, ila kuna ambao mlango wa kizazi umefunga na ndo wanaanza, FBP yao iko karibu na kawaida. Dalili zinaongeza uzito: anakunywa maji ndoo nzima, anakojoa kila saa, anatapika, uchafu unatoka nyuma au hautoki kabisa, joto linaweza kuwa juu ya 39.2 au likawa la kawaida tu. Mwenye mimba anaweza kupunguza kula asubuhi kwenye wiki ya tatu au ya nne, ila kiu ile ya ajabu hana.

Kinachokata mzizi wa fitina ni ultrasaundi. Kuanzia kama siku ya 25 mpaka 28 unaona vifuko na vijoyo vinapigapiga, na mwenye usaha unaona mirija minene imejaa maji bila watoto. Eksirei mapema haisaidii, mifupa ya watoto inaanza kuonekana kama siku ya 45, na ukitaka kuhesabu watoto subiri siku ya 55.

Kuna mzee mmoja wa Nzuguni alikuja na jike wake, ameshika karatasi ya kwingine imeandikwa CRP 64, na mkononi ana doksisaiklini ambayo bado hajampa. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee, huyu alipandwa lini?" Akasema, "Marahaba. Ngoja, mjukuu wangu ndo anajua vizuri, ila ni kama mwezi na kitu hivi." Mbwa mwenyewe ananilamba mkono, fizi zina rangi nzuri, joto 38.6. Tukatoa damu ya FBP, seli nyeupe 15, kwenye slaidi seli changa za kutafuta, hamna babesia, daktari akamlaza kwenye ultrasaundi na mzee akaona mwenyewe vijoyo kwenye skrini, akamuita mjukuu wake kwenye simu ya video aone. Ile dawa hakuitumia. Na karatasi yake haikuwa na kosa, CRP ilikuwa 64 kweli, ila hamna aliyeuliza tarehe ya kupandwa.

Kwahiyo uchague kipi

Dume, au jike aliyefungwa kizazi, au jike ambaye una uhakika hajapandwa: CRP ya mbwa na FBP pamoja kama unaweza, na baadae kufuatilia tumia CRP peke yake, rudia baada ya siku mbili. Ukikosa CRP, FBP yenye slaidi na fibrinojeni ya kuchemsha vinakufikisha mbali.

Jike aliyepandwa, au alikuwa kwenye joto na geti lilikuwa wazi (mbwa wa mtaani hawaombi ruhusa), yuko kati ya wiki ya tatu na ya saba: FBP yenye slaidi kwanza, ultrasaundi pili, na CRP ikiwezekana kwa kurudia tu. Namba moja ya CRP kwa huyu usiifanyie maamuzi ya dawa. Mbili zinazofuatana zina maana, ikitoka 70 ikawa 85 na mbwa anakula ni safari ya mimba, ikitoka 70 ikawa 220 ndani ya siku mbili hiyo sio mimba tena, kimbia, hata kama watoto walionekana wazima wiki iliyopita. Na ukifika wiki ya saba na ya nane ambapo ilitakiwa iwe inateremka, ukaona inapanda, naye apelekwe.

Kama una mpango wa kuzalisha jike wako kwa muda mrefu, mi nashauri kitu ambacho wachache wanakifanya, mpime FBP na CRP akiwa mzima kabla ya kupandwa, uhifadhi ile karatasi. Kila mbwa ana kawaida yake, na siku akipata shida daktari atakuwa na kitu cha kulinganisha. Andika na tarehe ya kupandwa ukutani huko, zote kama alipandwa zaidi ya mara moja, kwasababu mbegu za dume zinaishi siku kadhaa ndani ya jike, na hesabu ya wiki inaweza kupishana.

Damu yenyewe isiharibike njiani

Joto la Dodoma kuanzia Oktoba mpaka Novemba linapika sampuli. FBP inaenda kwenye kitubu cha kizibo cha zambarau, kijazwe mpaka kwenye mstari, ukiweka kidogo dawa ya mle ndani inakunja seli na namba zinaharibika, kigeuze taratibu mara nane kumi, usikitikise. CRP inaenda kwenye kizibo chekundu, iache igande, izungushwe, seramu itenganishwe. Slaidi itengenezwe pale pale nyumbani kwa mbwa kama kuna safari, seli zikikaa kwenye kitubu masaa mengi zinaanza kuvimba na kuonekana na sumu ambayo haipo. Kitubu cha zambarau kikae kwenye boksi la ubaridi lakini kisigusane na barafu moja kwa moja, kikiganda seli zinapasuka, na kisomwe ndani ya saa 24. Seramu ni mvumilivu zaidi, inakaa siku kadhaa kwenye friji, kwahiyo kama hapa hakuna CRP ya mbwa hiyo ndo unaweza kuituma mbali, mfano Morogoro ambako Chuo Kikuu cha Sokoine wana ndaki ya tiba ya wanyama. Uliza kwanza kwa simu kama kipimo kipo siku hiyo ndo utume. Na mbwa asiwe ametoka kula nyama ya mafuta, seramu inakuwa kama maziwa na mashine nyingi zinakosea.

Akishazaa

Hapa CRP inakosa nguvu tena, itakuwa juu siku za mwanzo kwa kila mama hata aliyezaa salama, na fibrinojeni nayo. Kwahiyo mama aliyezaa jana juzi usimpime CRP ukitegemea ikwambie kama kizazi kimeoza. Mpime joto asubuhi na jioni kwa wiki ya kwanza, kidogo kupanda kwa siku mbili tatu sio ajabu, ila likipita 39.5 likakaa hapo, au uchafu unaotoka ukaanza kunuka (ule wa kijani kizito bila harufu siku za mwanzo ni wa kondo, wa kawaida), au ziwa moja likawa gumu, la moto, na watoto wanalilia usiku kucha, basi ni FBP yenye slaidi siku hiyo hiyo, na maziwa ya lile ziwa yakamuliwe kwenye kioo nayo yaangaliwe. Na ukimuona anatetemeka, anahema haraka, miguu inakakamaa, usitafute inflamesheni (yale mwili unayoitikia jeraha au ugonjwa) kabisa, huyo kalsiamu imeshuka sana kwenye damu kwa kunyonyesha, mtoe watoto wasiendelee kunyonya na umfikishe kwa daktari saa hiyo hiyo, vipimo vitafuata huko.